Kura Zilizoandikwa Dada Gülizar

Mtaa wetu wa Çifteçınar, hapa Izmir, ulikula kaimati za mkono wa Gülizar kwa zaidi ya miaka thelathini bila hata mtu mmoja kumuuliza jina la baba yake. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililokuja kumwangusha.

Kwetu mtu akifa, kaimati hukaangwa barabarani, mlangoni pake. Siku ya saba, siku ya arobaini, na kila mwaka kwa wenye uwezo. Unga unachuruzishwa kwa kidole, tundu katikati, unaingia kwenye mafuta, unatoka, unazama kwenye shira. Anayepita anasimama foleni, anakula, anamwombea marehemu, anakwenda zake. Haulizwi wewe nani wala dini gani. Siku hizi linakuja gari la kampuni, na mashine inadondosha unga kama bomba linalovuja. Vijana wanaovaa glavu hawajui hata jina la aliyekufa. Zamani mtaa ulikuwa na mkaangaji wake, na wa kwetu alikuwa Gülizar.

Alikuja miaka ya wanajeshi. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji kwenye kumbi za muziki za uwanja wa maonyesho, na wakubwa wa serikali walikuwa wakimtupia maua. Alizaliwa akaitwa mtoto wa kiume, akajijua kuwa ni mwanamke, akaishi hivyo mchana kweupe, hakumdanganya mtu. Wanajeshi walipochukua nchi wakapiga marufuku watu wa aina yake kupanda jukwaani. Waliokuwa wakimtupia maua wakageuza shingo. Polisi walimkamata, wakamnyoa kichwa, wakamwachia, wakamkamata tena. Akaja kwetu na sanduku moja na kitambaa kichwani, akapangishiwa chumba na Mürüvvet, mjane wa mfua shaba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka bondeni.

Siku ya kwanza alipokwenda bombani kuchota maji, mwanaume mmoja alianza kumwita majina. Mürüvvet alikuwa nyuma na ndoo zake.

"Wewe, unamsemesha nani hivyo?"

"Mama, huyu si mwanamke."

"Huyu ni dada yako mkubwa. Msalimie."

"Mama Mürüvvet, lakini..."

"Umemsalimia? Sijasikia."

Yule mtu alisalimia. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Dada Gülizar. Nasimulia nilichokiona, kwa sababu kibanda changu cha viatu kilikuwa mkabala na bomba. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakipewa uraia enzi hizo, mama mmoja mwenye ndoo alitosha. Arobaini ya mume wa Mürüvvet ilipofika, Gülizar alikunja mikono ya gauni, akakaanga kaimati kama alivyofundishwa na bibi yake kule Tire. Tangu hapo hakuna maiti iliyotoka Çifteçınar bila yeye kusimama mbele ya sufuria.

Sasa nimlete Haldun. Haldun Erkmen alikuwa dalali wa nyumba, koti la ngozi, tasbihi ya kaharabu mkononi kwa ajili ya kupiga kelele tu. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu, na muhuri wa mtaa ulikaa mfukoni mwake. Bila muhuri huo fukara hathibitishwi kuwa ni fukara. Hapati makaa ya bure wakati wa baridi, hapati tiba ya bure. Haldun aliugonga kwa aliowapenda. Waliotoka mashariki juzijuzi aliwazungusha. Na wanawake wa aina ya Gülizar waliopanga vyumba vya chini, hao aliwafungia mlango kabisa.

Mmoja wao aliitwa Zerrin. Mapafu yalikuwa yamemharibika. Gülizar alimshika mkono, wakapanda mpaka ofisini kwa Haldun, Zerrin akipumzika kila penye ngazi.

"Huyo simtambui kuwa mkazi," Haldun alisema. "Mle ndani leo yupo huyu, kesho yule. Nitamjuaje?"

"Bwana Haldun, anakaa ukuta mmoja na shangazi yako. Muulize shangazi yako nani anampelekea mkate."

"Shangazi yangu ni mzee, hajui anachosema."

Zerrin alikufa baridi ile ile, chumbani, na jiko halina kitu. Familia yake ilipopigiwa simu ilisema haina mtu wa jina hilo. Tulimzika sisi. Siku ya saba Gülizar akatoa sufuria, akakaanga. Foleni ilifika mpaka kwa muuza gevrek, ile mikate ya duara ya ufuta, maana harufu ya kaimati haibagui. Na nani nimwone amesimama kwenye foleni? Haldun, na koti lake. Akapokea sahani, akala zote, akalamba shira kidoleni.

"Mungu amrehemu," akasema. "Marehemu ni nani?"

"Ni yule usiyemtambua," Gülizar akamjibu, macho yakiwa kwenye mafuta.

Haldun alifuta mkono kwa leso, akageuka kwenda zake. Hakuona haya. Mtu wa zamani angelitapika pale pale. Gülizar aliendelea kukaanga mpaka unga ukaisha, kisha akaja kukaa kwenye kigoda changu.

"Fundi Rıfkı, muhuri wa mtaa hutolewa na nani?"

"Na sisi, kwa kura. Masika haya kuna uchaguzi."

"Basi nautaka."

"Watakurarua, Gülizar."

"Kimebaki nini cha kurarua? Nautaka ule muhuri. Asije mtu mwingine akafika mlango ule akarudi kama Zerrin alivyorudi."

Habari ilipofika mkahawani kwa Nazmi, wanaume walicheka mpaka wakamwaga chai. Walewale ambao mama zao na baba zao alikuwa amewakaangia.

"Fundi," Nazmi akaniambia, "akishinda, picha yake tuitundike wapi? Upande wa wanaume au wa wanawake?"

Hakujua kwamba Gülizar amesimama mlangoni.

"Nitundike juu ya jiko lako, Nazmi. Huko hakujapanguswa tangu marehemu baba yako. Hakuna atakayeniona."

Walicheka tena, safari hii wakimcheka Nazmi. Mmoja akasema Haldun anatangaza kwamba Gülizar si mtu wa mtaa huu. Gülizar akamjibu, "Akamuulize baba yake kaburini, arobaini yake nani alikaanga." Kisha akasema kile ambacho hakuna mgombea wa aina yake aliyekuwa amekisema kwetu: "Mnanijua mimi ni nani. Sijifichi, wala sitavaa suruali ili mnipigie kura. Nagombea hivi hivi nilivyo."

Haldun naye alifanya kampeni yake. Alikodi gari la kaimati la kampuni, akalifunga bango lenye uso wake, akaugawia mtaa kaimati kwa muziki wa kupasua masikio. Kaimati bila maiti. Nilipita pale nikamwona bibi mmoja anauliza ni nani amekufa ili amwombee, na kijana wa glavu akamwambia, "Hakuna aliyekufa, bibi, ni uchaguzi." Yule bibi akarudisha sahani. Alikuwa peke yake.

Lazima nieleze jinsi kura ya mwenyekiti wa mtaa inavyopigwa kwetu, maana si kama kura za wakubwa. Serikali haichapishi karatasi. Kila mgombea anajichapishia vikaratasi vyenye jina lake, na siku ya kura vinawekwa nyuma ya pazia, rundo kwa rundo. Unaingia, unachukua cha mtu wako, unakitia kwenye bahasha. Wajanja hawategemei pazia. Jioni ya kuamkia kura wanapita nyumba kwa nyumba na kumwachia kila mtu kikaratasi chake, aje nacho mfukoni. Nilimwambia Gülizar afanye hivyo. Akakataa.

"Nikimwachia Hacer wa Mürüvvet karatasi yangu, mumewe akiikuta kwenye droo, ataanza maneno. Kuna wanawake wengi watanipigia ambao hawawezi kukutwa nayo. Waache waikute nyuma ya pazia, wakiwa peke yao na Mungu wao."

"Na ikiibwa nyuma ya pazia?"

"Fundi, hii ni Çifteçınar. Nani ataiba karatasi?"

Huo ndio wema uliomponza. Aliupigia hesabu mtaa ambao ulikuwa umeshakufa siku nyingi, na hakuna aliyemkaangia marehemu huyo kaimati.

Siku ya kura nilikwenda asubuhi mapema, nikakuta marundo yote mawili yapo, nikachukua changu, nikapiga. Nikakaa kwenye benchi la uwanja wa shule. Kabla adhuhuri haijafika wanawake wakaanza kutoka wakinong'ona kwamba nyuma ya pazia kuna Haldun tu. Kila mtu wa Haldun aliyeingia alitoka na mfuko umetuna. Gülizar alileta akiba yake, ikawekwa, ikaisha vilevile. Hakuna aliyekamatwa, kwa sababu nyuma ya pazia hakuna anayeona. Ikabidi Gülizar ashuke mjini Kemeraltı kumtafuta mwenye mashine ya chapa, Jumapili, na maduka yote yamefungwa.

Hacer, binti wa Mürüvvet, ndiye aliyekumbuka kwamba sheria inaruhusu kuandika jina kwa mkono kwenye karatasi nyeupe. Mwanamke ambaye kwake hangeweza kukutwa na kikaratasi, sasa alisimama katikati ya uwanja na daftari la mwanawe, akichana kurasa na kuzigawa. Waliandika wakiegemea ukuta, wakiegemea gari, wakiegemeana migongo. Mürüvvet, aliyekuwa ameshazeeka na mkono unatetemeka, aliandikia mgongoni kwa bintiye. Nilijivuna siku ile. Nilidhani nimeuona mtaa wangu ukifufuka.

Kuhesabu ni wazi kwetu, anayetaka anaingia kutazama. Tulijaa darasani, watu wazima kwenye viti vya watoto. Msimamizi wa sanduku alikuwa kijana mmoja, Bwana Tolga, ameletwa kutoka ng'ambo ya ghuba, shati limepigwa pasi. Zamani msimamizi alikuwa Mwalimu Behiye, aliyetufundisha sote kusoma, na alijua mwandiko wa kila nyumba. Bwana Tolga alifungua bahasha moja moja na kusoma kwa sauti.

"Haldun Erkmen. Haldun Erkmen." Kisha akaigeuza karatasi. "Dada Gülizar."

Watu wa Haldun wakacheka.

"Dada nani huyu?" Bwana Tolga akauliza.

"Gülizar," Hacer akajibu.

"Gülizar nani?"

Hacer akamtazama mama yake, mama yake akanitazama mimi. Jina kamili lilikuwa kwenye vile vikaratasi vilivyochapwa, kwa herufi ndogo chini kwa kuwa sheria ilitaka, na vikaratasi vyenyewe vilikuwa mifukoni mwa wezi. Hakuna aliyekuwa amelisoma. Nani anasoma jina la ukoo la dada yake?

"Mgombea anayeitwa Gülizar ni mmoja tu," nikasema. "Wagombea wako wawili, mwanamke na mwanaume. Hapo umechanganyikiwa wapi, bwana mdogo?"

"Mzee, mimi si mtu wa hapa. Jina halikukamilika. Imeharibika."

Akaitupa kwenye kapu la taka la darasa la pili, lililochorwa sungura. Akafungua nyingine. Dada Gülizar. Nyingine. Dada Gülizar, yenye ua limechorwa pembeni. Nyingine. Kapu likaanza kujaa.

"Mwanangu," Mürüvvet akasema, "hiyo uliyoshika nimeiandika mimi."

"Bibi, kura ni siri, usiniambie."

"Siri gani? Nimeiandikia mgongoni kwa huyu, mtaa mzima unaona. Najua nimemwandika nani. Alimkaangia mume wangu."

"Sheria ni sheria, jamani," Haldun akasema kutoka dirishani, tasbihi inalia. Yeye, ambaye Zerrin alikufa kwa kukosa muhuri wake, leo amekuwa rafiki wa sheria. Na kijana yule alimwitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo Gülizar alipoingia. Alikuwa amempata mchapaji nyumbani kwake, akamsihi, akafunguliwa duka, na sasa alikuwa na bunda la karatasi mpya kifuani, wino haujakauka. Aliwaona watu, akaliona kapu.

"Dada," Hacer akamwuliza mbele ya wote, machozi yanamlenga, "jina lako la ukoo ni nani?"

Gülizar aliliweka bunda juu ya dawati.

"Uçarsu."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

"Ni la baba yangu. Siku aliyoniwekea sanduku nje ya mlango, kule Tire, aliniambia nisilitaje jina lake popote niendapo. Nimemtii."

Alishindwa. Kura zilizokuwa kapuni zingemtosha na kubaki. Tuliandika malalamiko, tukayapeleka juu, na waheshimiwa wa huko wakatujibu kwamba dada si jina. Watu waliosoma vyuo. Mimi niliishia darasa la tano na mengine nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia viatu, lakini nataka mmoja wao aje aniambie jina ni nini. Baba aliyemfukuza mwanawe kama mbwa, neno lake ni halali. Mtaa uliomwita dada maisha yake yote, neno lake ni taka.

Haldun alitawala miaka mitano mingine. Miti miwili ya mikuyu iliyoupa mtaa jina ilikatwa ili magari ya kubomoa yapite. Bomba la maji likang'olewa. Baridi tano mfululizo fukara walipanda zile ngazi na kushuka mikono mitupu, na kila waliposhuka Gülizar alikuwa mlangoni kwake anawatazama.

Uchaguzi wa pili aligombea tena. Safari hii hakuliachia pazia kitu. Alipita mlango kwa mlango, mchana, na bunda mkononi, na kila mwanamke aliyefungua alimfundisha.

"Sema, Gülizar nani?"

"Dada Gülizar."

"Dada waachie kina Tolga. Sema, Gülizar Uçarsu."

"Uçarsu."

"Tena."

Nilimfuata nyumba kadhaa. Kila alipolitamka jina lile ilikuwa kama anameza dawa chungu. Lilipakwa kwenye kuta, futi kwa futi, UÇARSU, jina la mwanaume ambaye hata kaburi lake hakuruhusiwa kulisogelea. Wanawake walikwenda na vikaratasi vifuani. Walioandika kwa mkono waliandika majina yote mawili, kama watoto mbele ya mwalimu mkali. Haldun alishindwa, na muhuri akautupa mezani badala ya kuukabidhi mkononi.

Wakaja waandishi kutoka Istanbul, na wengine kutoka nchi za mbali, wakamtajia mbunge wa huku na meya wa kule wa aina yake, wakaandika kwamba na yeye amevunja ukuta. Huenda ni kweli. Ila waliupiga picha mlango wa ofisi, na hakuna aliyeniuliza lile kapu la sungura liko wapi. Gülizar aliwapa chai, akawajibu kwa adabu, kisha akafungua kitabu chake na kuanza kuwaita fukara waliokuwa wamejaa ngazini. Kwa kazi hiyo sina la kumlaumu. Mpaka leo hajamrudisha mtu.

Jambo lililobaki ni dogo, na ndilo linaloniuma zaidi. Miezi michache baada ya kushinda, Hacer alifika ofisini kuchukua karatasi ya mama yake.

"Bi Mwenyekiti, shikamoo."

"Bi Mwenyekiti ni nani? Hacer, mimi nimekuogesha wewe."

"Lile jina walilitupa kapuni. Naogopa nikilitaja karatasi ya mama isije ikarudishwa."

Hakuwa anatania. Na mtaa mzima ulikuwa hivyo. Walikuwa wamekaririshwa kwa hofu, na hofu ikakaa. Ikawa Bi Uçarsu huku, Bi Uçarsu kule.

Mürüvvet alikufa msimu wa zabibu. Siku ya arobaini Gülizar alifunga ofisi, akakunja mikono, akatoa sufuria ileile ya shaba mbele ya mlango wa mjane aliyemwambia yule mwanaume bombani asalimie. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana mmoja, mjukuu wa watu ninaowajua, alinyoosha sahani.

"Bi Uçarsu, niongezee shira."

Gülizar alimwongezea. Kisha akanitazama juu ya mvuke.

"Umesikia, Fundi? Leo anayemkaangia Mürüvvet ni baba yangu."

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, na kwetu mkubwa hamwiti mdogo wake dada. Nilinyoosha sahani yangu.

"Dada Gülizar, na mimi niongezee."

Akaniwekea. Nyuma yangu foleni ikasogea, na aliyefuata akasema Bi Uçarsu.